Mama Mkwe Alale Wapi

Wadogo zangu mnaoirithi ofisi yangu,

Nina miaka thelathini na nne na nimestaafu. Najua mnacheka. Hata daktari wa tumbo alicheka nilipomwambia kwamba kazi iliyonipa vidonda ni kuwachagulia watu hoteli za likizo. Aliniuliza kama nawabebea mizigo. Nikamjibu kwamba nabeba wasiwasi wao, na wa kwangu juu yake. Akaniandikia dawa, akanishauri nitafute shughuli nyingine. Sasa nafuga kuku Kasense, na hakuna kuku aliyewahi kunipigia simu kulalamika kuhusu shuka.

Mliniomba niwaachie orodha ya mambo ya kuangalia kabla ya kumpeleka mtu hotelini. Nimeiandika mara tisa. Kila nilipofika mwisho niligundua kuna jambo nimelisahau, nikaichana. Basi pokeeni hizi kumbukumbu, bila mpangilio, jinsi zinavyonijia. Kwa miaka kumi na moja nimekaa katika chumba kile cha Izia, hapa mjini Sumbawanga, kati ya fundi cherehani na duka la pembejeo, nikiwatafutia watu wa Ufipa pa kulala visiwani: Unguja mara nyingi, Mafia na Pemba mara chache. Nimekosea mengi. Kosa kubwa kuliko yote lilimhusu Masanja, mfugaji wa bondeni aliyetaka kumshukuru mama mkwe wake, mwanamke ambaye kwa mila za kwao hawezi hata kumtazama usoni. Mimi nikawapangia nyumba moja. Nitalieleza, ila sina ujasiri wa kuanza nalo.

Nianze na aibu ndogo. Miaka minne ya kwanza nilikuwa nawachagulia watu hoteli za ufukweni bila kuwahi kuiona bahari. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa na simu, nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, na nilikuwa na uvumilivu wa kusoma maoni ya wageni mpaka yale ya miaka mitano nyuma. Maji makubwa niliyoyajua yalikuwa ya Wampembe, alikokaa mjomba wangu mvuvi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana adabu. Ukiyaacha mahali jioni, asubuhi unayakuta palepale.

Kwa hiyo Mwalimu Dominiko na mkewe walipotimiza miaka arobaini ya ndoa, na jumuiya yao ya kanisani ikaamua kuwapa zawadi ya safari, niliwachunguzia hoteli kwa wiki tatu. Nilichagua moja pwani ya mashariki ya Unguja. Mchanga mweupe, maji ya kijani hadi kwenye ngazi za hoteli, picha ishirini na zote za aina hiyo. Siku ya pili asubuhi mwalimu akapiga simu. Nikamwamkia. Akaniambia leo shikamoo haitanisaidia.

"Maji hayapo," akasema.

Nikamuuliza kama ni ya bombani. Akasema ni ya baharini. Jana yalikuwa hapa mbele, leo pana mchanga mtupu na akina mama wanaokota vitu. Nikaipigia hoteli na, Mungu anisamehe, nikadai maelezo. Nilisema mgeni wangu ameahidiwa bahari. Mwanamke aliyepokea simu akaniuliza:

"Mwanangu, wewe uko wapi?"

"Sumbawanga."

"Huko kuna bahari?"

"Hakuna."

"Basi sikulaumu. Maji yamekupwa, saa nane yatakuwa yamesharudi. Mwambie huyo mwalimu asiyafuate."

Kumbe mwalimu alikuwa ameshaanza kuyafuata, suruali ameikunja magotini na viatu mkononi, mkewe akimwita kutoka ufukweni na kumuuliza akili ameiacha wapi.

Mwanamke yule anaitwa Bi. Zuhura, na alikuwa msimamizi wa vyumba. Ndiye mwalimu wangu pekee katika kazi hii, na kwa miaka mingi nilimjua kwa sauti tu. Hakuwahi kuniomba chochote isipokuwa maharage ya Sumbawanga, ambayo alisema yanaiva kwa heshima. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kule kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali, na kwamba picha zote za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Alinifundisha nisiwaulize watu wa mapokezi, kwa kuwa kazi yao ni kukubali. Niwaulize wanaotandika vitanda. Alinifundisha kuomba picha ya bafu, ipigwe sasa hivi kwa simu, na ndani yake wawekwe ndoo na kandambili ili nijue ukubwa.

Watu wetu nao nilijifunza kuwajua upya. Mnadhani mnawajua kwa kuwa ni shangazi na baba zenu, lakini mtu akifika hotelini anakuwa mwingine. Mkulima wa Ufipa anaamka saa kumi na moja. Hoteli inatoa chai saa moja na nusu. Katikati hapo afanye nini? Mganga mmoja mstaafu wa zahanati alilifagia eneo lote la mbele siku mbili mfululizo, mfagizi wa hoteli akaanza kuogopa kwamba ameletwa mtu wa kumrithi. Ulizeni kama jikoni wanaweza kuacha chupa ya chai mezani tangu alfajiri. Ulizeni kama wanaruhusu mgeni aje na unga wake wa ulezi, maana wapo ambao siku ya tatu bila ugali huo huanza kuzungumzia kurudi. Ulizeni kanisa liko umbali gani, Jumapili haina likizo. Waonyesheni mashine ya kupoza hewa inavyozimwa. Kuna wenzi waliiwasha hadi chumba kikawa Sumbawanga ya mwezi wa sita, wakalala na makoti, na asubuhi wakaniambia hoteli ni nzuri sana, inafanana na nyumbani.

Maswali yote hayo niliyaweka kwenye orodha yangu ya zamani, ile ambayo sasa nimeichana. Yalifika arobaini na matatu. Nilijivunia. Niliwahi kuipigia hoteli moja mara kumi na moja kwa siku kwa sababu ya mto wa kulalia, mpaka yule wa mapokezi akawa ananijua kwa kuhema tu. Niliamini nikiuliza kila kitu sitakosea kamwe. Hiyo ndiyo imani iliyoniharibia tumbo.

Masanja alikuja mwezi wa tano, baada ya mavuno ya mpunga. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Wazazi wake walihamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wao, wakitokea Usukumani, yeye akiwa mtoto. Alimwoa Anna, binti wa Kasense, mwalimu wa shule ya msingi. Anna alipojifungua aliugua, akalazwa karibu mwezi mzima. Mama yake, Mama Skolastika, aliuacha ulezi wake shambani ukiliwa na ndege, akaenda kukaa kando ya kitanda cha binti yake mpaka alipopona.

"Sijawahi kumwambia asante," Masanja aliniambia, akitazama kalenda ukutani badala ya mimi. "Sina njia. Basi nataka apumzike mahali pazuri. Mimi, Anna, mtoto, na yeye. Mama awe na pake, nami niwe na pangu."

Nikaandika: vyumba viwili.

Wiki iliyofuata Mama Skolastika mwenyewe alikuja kuandikisha jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ni mama mfupi wa Kifipa, mkavu, anayekaa kwenye kiti kama amekuja kukikagua. Alisema anakwenda kwa ajili ya binti na mjukuu tu. Huyo mwenye ng'ombe, alisema, wakati mke wake anapigania roho hakuwahi kukanyaga hata mlango wa wodi. Miaka mitatu sasa hajamsalimu uso kwa uso. Akimwona anakuja, anakata kona kama ameona nyoka. Binti yake humwambia ni mila za kwao, naye humjibu kwamba kila asiyejali ana mila zake.

Wadogo zangu, hapa ndipo ninapoona haya. Nilikuwa nimesikia pande zote mbili. Kwa Masanja, kumkwepa mama mkwe ndiyo heshima yenyewe: hakai naye, hali naye, halali naye chini ya paa moja. Kwa Mama Skolastika, ambaye kwao mkwe husalimu na kukaa sebuleni, kukwepwa huko kulikuwa dharau. Ningeweza kumwambia neno moja. Sikumwambia, kwa sababu kazi yangu ilikuwa maswali arobaini na matatu, na hilo halikuwamo. Nikamuuliza kama ana tatizo la magoti kwenye ngazi.

Niliwachagulia hoteli ya akina Bi. Zuhura. Nilipompigia kuweka nafasi, aliniuliza swali moja: hawa wanaitanaje? Nikamjibu haraka kwamba ni familia moja. Siku tatu baadaye hoteli ikaniambia kwamba badala ya vyumba viwili vilivyo mbalimbali wanaweza kutupatia nyumba ya familia, kubwa zaidi, bila nyongeza. Nilifurahi hadi nikachapisha picha yake kwa rangi na kuibandika ukutani. Vyumba viwili vya kulala vyenye milango inayotazamana, sebule moja, bafu moja. Niliyakagua mabomba. Nilikagua neti. Nilikagua kama kuna kivuli barazani saa za mchana.

Walisafiri kwa basi hadi Mbeya, kwa ndege hadi Dar es Salaam, kwa boti hadi Unguja. Alasiri ya siku ya pili, walipokwishafika, simu ikalia. Ilikuwa Anna, na alikuwa ananong'ona. Masanja alikuwa ameingiza mizigo, akaona ile milango miwili, akatoka bila kusema neno. Sasa alikuwa nje ya ukuta wa hoteli, amekaa kwenye jiwe. Mama yake Anna alikuwa amekaa sebuleni na begi mapajani, hajalifungua. Alikuwa amesema kwamba amesafirishwa siku mbili ili aje kuonyeshwa kwamba hata baharini anachukiwa, na kesho anarudi Kasense, kwa miguu ikibidi.

Nikafanya ninachojua. Nilipiga simu hoteli kumi na nne. Ilikuwa msimu wa wageni, kila mahali pamejaa. Nilikuwa na karatasi yenye mistari na mishale: Masanja ahamie huku, mama ahamie kule, Anna na mtoto wabaki. Mwishowe nikampigia Bi. Zuhura, nikaanza kumsomea mishale yangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mwanangu, acha kuhamisha watu kama viti," akasema. "Mume wangu ana binamu yake hapa kijijini mwenye nyumba ya wageni, kijana atalala huko. Hilo limekwisha. Linalobaki ni huyu mama. Kuna mtu amemwambia kwa nini kijana amekaa kwenye jiwe?"

Nikasema binti yake amejaribu, hakumwamini.

"Binti lazima amtetee mumewe. Wewe je?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa hoteli. Akanijibu kwamba ndiyo, na hoteli ndiyo niliyoikosea, kwa hiyo simu atampelekea mama sasa hivi. Sikupata hata nafasi ya kuandika nitakachosema. Mnajua mimi, naandika hata salamu. Nikasikia kandambili za Bi. Zuhura zikipiga sakafu, mlango, kisha pumzi ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenileta huku nione dharau kwa macho."

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia, nacho nilikipata kwa bahati. Siku ile Masanja alipokuja ofisini nilimuuliza swali la ishirini na saba, mgeni anapenda kinywaji gani. Kuhusu mke wake alifikiri kidogo. Kuhusu mama mkwe alijibu papo hapo: chai ya rangi, tangawizi nyingi. Nilishangaa amejuaje mtu asiyekaa naye meza moja. Ndipo akaniambia. Wakati wa ule ugonjwa alikuwa amelala kwenye baraza la duka mkabala na hospitali. Kila alfajiri Mama Skolastika alipotoka kwenda kusali kanisani, yeye aliingia wodini, akawatazama mkewe na mtoto wakiwa usingizini, akaacha chupa ya chai kando ya kitanda, akaondoka kabla mama hajarudi. Kutwa nzima alisimama nyuma ya ukuta wa wodi, upande wa dirisha. Alikuwa anamjua mama mkwe wake kwa kikohozi. Aliponisimulia niliandika "chai ya tangawizi" na kuhamia swali la ishirini na nane.

Sasa nilimweleza mama yote hayo, bila mpangilio, nikirudia maneno na kigugumizi juu. Nilimweleza pia kwamba kwao mtu akimheshimu mama mkwe hampi uso, anampa njia. Kwamba yule aliyekata kona alikuwa anampisha. Kwamba aliniomba mahali ambapo mama atakuwa na pake, nami kwa ujinga wangu nikawafungia wote ndani ya mlango mmoja, na ndiyo maana amekaa kwenye jiwe.

Nikasikia mtoto akilia huko nyuma, na kiti kikiburutwa.

"Ilikuwa na tangawizi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nikajua ni wanawake wa jumuiya. Niliwashukuru kanisani, mbele ya watu wote. Na wao wakapokea."

Simu ikakatika. Nilikaa pale nikiwa na hakika nimeharibu zaidi, karatasi yenye mishale mbele yangu. Yaliyofuata nilisimuliwa na Anna. Mama yake alilifungua begi, akatoa kitenge kingine, akakivaa. Akamwambia Anna asogeze kiti karibu na mlango, kwa ndani, ashushe pazia, kisha akamwite mumewe asimame kwenye ngazi, kwa nje. Masanja alikuja. Alisimama, mgongo ukielekea pazia, akitazama bahari, ambayo saa hiyo ilikuwa imejaa.

"Masanja, mwanangu," mama akasema kutoka ndani. "Usigeuke, baki hivyo hivyo. Nimekunywa chai yako karibu mwezi mzima bila kujua ni yako."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa nzuri. Sukari ndiyo ilipungua."

"Nitaongeza, mama."

Anna anasema baada ya hapo mume wake alishindwa kuitamka ile asante aliyowasafirishia watu siku mbili. Mama naye hakumdai. Siku nne zilizobaki Masanja alilala kijijini kwa binamu ya mume wa Bi. Zuhura, na kila alfajiri aliacha chupa kwenye ngazi. Mama aliamka mapema zaidi ili aikute ya moto.

Waliporudi nilijiandaa kuomba radhi. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Masanja alinikatiza kwenye aya ya kwanza, akaniuliza kama najua fundi mzuri wa matofali.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya bahari, kabla ya bafu na neti, waulizeni watu wanaitanaje. Mtu na shemeji yake, baba na mke wa mwanawe, wakwe waliotoka pande mbili za nchi. Ulizeni nani anampisha nani mlangoni, na mkishaambiwa, msinyamaze kama mimi. Hayo hakuna mgeni aliyeyaandika kwenye maoni.

Mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, Masanja alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa nyumba mpya ya matofali ya kuchoma uani kwake huko bondeni, bati jipya, mlango umetazama milima, nyumba yake yeye ikiwa mgongoni. Chini aliandika: "Dada Editha, hebu kagua. Ni ya mama." Nilikagua. Nikaona dirisha halina wavu, na bondeni kuna mbu. Nikamwandikia. Nikamuuliza pia mama akitoka alfajiri kwenda kuoga atapita wapi ili wasikutane.

Akanijibu kwamba wavu utawekwa kesho. Kuhusu njia, alikuwa amemchimbia moja nzuri, ya kuzunguka, ila mama alishafika tangu juzi na ameikataa. Anasema ni ndefu mno, anachimba yake. Akaniwekea picha. Nilimwona kwa mbali mama mfupi ameinama na jembe, na nyuma yake mstari mwembamba wa udongo mbichi uliokuwa unaelekea, bila kuzunguka popote, kwenye jiko la Anna. Hakuwa mkubwa kuliko kidole changu kwenye kioo. Picha ilikuwa imepigwa kutoka mbali sana, mahali anapopaswa kusimama mkwe.

Nilianza kuikuza nione kama njia imenyooka. Kisha nikaiacha.